Kabla hujaihesabu dhahabu ya mchezo kuwa shilingi

Wiki iliyopita kijana mmoja anayefanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo aliniandikia hivi: "Kaka, nimekusanya dhahabu milioni 62 kwenye mchezo. Nimeona mtandaoni milioni moja inauzwa shilingi 30,000, kwa hiyo nina 1,860,000. Nataka kuacha kibarua nicheze kutwa. Unanishaurije?" Dhahabu anayoisema ni fedha ya ndani ya mchezo wa mtandaoni. Nilipitia kuzidisha kwake nikakuta hakuna kosa. Hata hivyo niliusoma ujumbe huo mara tatu, kwa sababu mimi nami niliwahi kuandika hesabu ya namna hiyo katika daftari ambalo bado ninalo, na hesabu ile iliacha jiko la mama yangu likivuja masika yote.

Mwaka 2017 nilikuwa nimeajiriwa katika duka la steshenari lenye kompyuta nne, maeneo ya Dunda, na mwenye duka aliniruhusu kubaki baada ya kufunga mradi ninunue bando langu mwenyewe. Nilicheza kila usiku kwa miezi kumi na moja, karibu saa tatu kwa usiku. Sitautaja mchezo wenyewe. Kufikia Januari 2018 nilikuwa na dhahabu milioni 400, na tovuti moja ya wauzaji ilikuwa ikiuza milioni moja kwa senti 80 za dola. Nikazidisha nikapata dola 320, ambazo kwa bei ya dola ya siku zile zilikaribia shilingi 720,000. Sikumwuliza mtu. Nilikwenda kwa fundi nikapatana naye kuezeka jiko la mama, nikachukua mabati ishirini kwa ahadi, na jioni nikamwambia mama kwamba mvua ya mwaka ule haitamkuta akipikia chini ya makuti.

Mtu pekee aliyenihoji ni baba mdogo wangu, dalali wa samaki kwenye mnada wa ufukweni. Nilipomwamkia alinijibu marahaba, kisha akaniuliza: "Hiyo bei uliyoiona ndiyo anayouzia mwenye duka, au ndiyo atakayokupa wewe?" Nilimweleza kwamba mambo ya kompyuta hayafanani na samaki. Akasema, "Mwanangu, changu aliyekaangwa hotelini na changu aliye ndani ya ngalawa ni samaki mmoja, lakini si bei moja." Nilichukia, na ninakiri kwamba nilimwona mzee asiyejua dunia imefika wapi.

Siku mbili baadaye nilijua alichokuwa akikisema. Tovuti ile iliyouza kwa senti 80 ilinunua kwa senti 55. Niliwauzia milioni 50, nikapata dola 27 na nusu. Kwa tamaa ya kuongeza senti kumi nikamtafuta mnunuzi binafsi, mtu ambaye tulikuwa tumecheza pamoja kwa miezi mingi, nikamkabidhi milioni 150 kabla hajalipa. Sikumwona tena. Hadi leo, nikikumbuka jinsi alivyokuwa akiniita ndugu yake, kifua kinanibana. Wakati huohuo mchezo ulifanyiwa mabadiliko yaliyorahisisha kupata dhahabu, kila mwenye akiba akakimbilia kuuza, na milioni 200 zilizobaki zikaondoka kwa senti 40. Kwa jumla nilipata dola 107 na nusu. Makato ya kuzihamisha fedha hizo yalikula dola kumi na moja na nusu, zikabaki 96, yaani shilingi 216,000. Bando lilikuwa limenigharimu 3,000 kwa wiki kwa wiki 47, jumla 141,000. Nilibakiwa na shilingi 75,000 kwa saa zisizopungua 900, ambazo ukizigawa unapata shilingi 83 kwa saa. Fundi alirudisha mabati dukani. Mwezi uliofuata akaunti yangu ikafungwa, na katika hilo siwezi kumlaumu mtu, kwa kuwa kuuza dhahabu kwa fedha halisi kulikatazwa katika masharti niliyoyakubali bila kuyasoma.

Ndiyo maana ninasisitiza kwamba sarafu ya mchezo haina bei moja, bali ina bei ya kununulia, bei ya kuuzia, na mara nyingi haina kabisa njia halali ya kutokea. Chukueni Robux, sarafu za jukwaa la michezo la Roblox, ambazo vijana wengi wanazijua. Kwa miaka mingi kifurushi cha Robux 800 kiliuzwa kwa dola 9.99, yaani takriban senti 1.25 kwa kila moja. Mtengenezaji wa michezo aliyezipata kwa kazi yake ndani ya Roblox alipotaka kuzibadilisha kuwa dola, kampuni ilimlipa senti 0.35 kwa kila moja, kiwango ambacho mwaka 2025 kilipandishwa hadi 0.38. Kwa hiyo Robux 100,000 ambazo mnunuzi angezipata kwa karibu dola 1,250 zilimpa mtengenezaji dola 350. Na aliyezinunua kwa fedha yake hana ruhusa ya kuzigeuza kuwa dola hata moja: kwake zikishaingia hazitoki. Sarafu ni ileile, na swali la baba mdogo linasimama palepale.

Mchezo wa World of Warcraft nao unafundisha jambo la namna hiyo. Tangu Aprili 2015 kampuni yenyewe inauza tokeni, yaani hati ya kidijitali ya muda wa kucheza, kwa dola 20, na mchezaji mwingine anaweza kuinunua tokeni hiyo kwa dhahabu ya ndani ya mchezo. Siku ya kwanza huko Marekani bei yake ilianzia dhahabu 30,000. Ukigawa unapata kwamba dhahabu 1,000 ilikuwa na thamani ya senti 67 hivi, na hicho ni kipimo kizuri cha rejea, kwa sababu kinatoka katika soko linalotambuliwa na mwenye mchezo. Lakini mwenye dhahabu hapewi dola. Alipewa muda wa kucheza, na baadaye akaruhusiwa kupata salio la kununulia bidhaa za kampuni hiyohiyo. Kama hukuwa na mpango wa kulipia muda huo kwa fedha yako, basi kwako thamani ile ni ndogo kuliko 67, na ni wewe mwenyewe tu unayeweza kusema ni ndogo kwa kiasi gani.

Sisi watu wa Bagamoyo tusingepaswa kufundishwa hili na kompyuta. Misafara iliyotoka hapa kwenda bara katika karne ya 19 ilibeba shanga na nguo za merikani badala ya fedha, na kiongozi wa msafara alilazimika kujua kila nchi ya mbele inapokea shanga za aina gani. Sami-sami, zile nyekundu, zilipendwa sana mahali pengi, lakini aliyebeba aina isiyotakiwa huko aendako alikuwa amewatwisha wapagazi mzigo mtupu, hata kama alizinunua kwa bei kubwa pwani. Dhahabu ya mchezo ni shanga za nchi moja tu, na nchi hiyo ina mwenyewe anayeweza kumwaga shanga nyingine siku yoyote apendayo.

Kwa hiyo anayetaka kukadiria aanze na bei aliyokwishalipwa mtu kama yeye, si bei iliyotangazwa. Mwaka 2001 mchumi Edward Castronova alipochunguza Norrath, ulimwengu wa mchezo wa EverQuest, alitumia minada ya mtandaoni ambako wachezaji walikuwa wakiuziana kwa dola, akaona sarafu moja ya platinamu ya huko inakaribia senti moja ya Marekani. Kisha akafanya jambo ambalo mimi sikulifanya kwa miezi kumi na moja: alikadiria saa ya kucheza inazalisha nini, akapata dola 3.42. Gawanyeni kwa saa, ndugu zangu. Jumla kubwa inalewesha, na inapogawanywa kwa saa ndipo mtu huona kama alikuwa akifanya kazi au akilipia burudani, ambayo si dhambi kama aliyeilipia anajua kwamba ameilipia. Toeni bando, toeni makato, someni masharti kabla ya kugusa kikokotoo, na msidhani kwamba milioni ya mwisho itauzika kwa bei ya milioni ya kwanza, kwa maana hata pale ufukweni ngalawa tatu zikiingia pamoja fungu la samaki hushuka bei kabla jua halijapanda. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu nawaona vijana wenye akili kuliko mimi wakiacha shule na vibarua kwa ajili ya tarakimu ambayo hakuna aliyewaahidi kuilipa.

Leo nina duka langu la steshenari huko Magomeni, na jiko la mama niliezeka mwenyewe mwaka 2020 kwa fedha ya kuchapa na kurudufu karatasi. Daftari lile lipo chini ya meza, na ndilo nililolifungua kabla ya kumjibu kijana wa chumvi.

Nilimwomba aniambie wanunuzi wanatoa kiasi gani, akasema 15,000 kwa milioni, kwa hiyo 1,860,000 zikawa 930,000. Nikaondoa theluthi kwa sababu hazitauzika zote kwa bei hiyo, zikabaki 620,000. Masharti ya mchezo wake yanakataza kuuza, na kwa yaliyonipata mimi nikakata nusu kwa hatari ya kufungiwa au kudhulumiwa: 310,000. Bando la 5,000 kwa wiki kwa wiki thelathini ni 150,000, zikabaki 160,000 kwa saa 840 alizoniambia amecheza, yaani kama shilingi 190 kwa saa. Nilimwandikia hesabu yote hatua kwa hatua, nikamwomba aandike pembeni yake anacholipwa kwa saa moja kwenye chumvi. Alama inaonyesha kwamba ameusoma ujumbe wangu, lakini hajajibu.