Kipimo cha mrushaji katika mchezo wa besiboli

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu hucheza MLB The Show, mchezo wa video wa besiboli, nyumbani kwetu Kadutu, Bukavu. Ninaporusha, hupandisha mshale wa kipimo cha kurushia kilicho kwenye skrini hadi juu kabisa ili mpira uende kasi, lakini mpira huangukia mbali na nilipolenga, na kaka hupewa besi ya kwanza (kituo cha kwanza cha mkimbiaji) bure. Ninakosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kipimo hicho hupima mambo mawili kwa mshale mmoja, nawe unalishughulikia la kwanza tu. Mbonyezo wa kwanza huanzisha mwendo wa mshale, na wa pili huchagua nguvu. Kisha mshale hurudi ulikotoka, na mbonyezo wa tatu, unaopaswa kuangukia kwenye mstari wa njano, ndio unaoamua kama mpira utafika ulipolenga. Ukiwahi au ukichelewa hapo, mpira hupotoka, hata kama nguvu uliichagua vizuri.

Ukivuka hadi sehemu nyekundu, mpira huongeza kasi, lakini usahihi huwa mgumu zaidi na mrushaji huchoka upesi. Kumbuka kwamba kibao cha nyumbani, ambacho mpira unapaswa kupita juu yake mbele ya mpigaji, kina upana wa sentimita 43 tu, na mrushaji husimama mita 18.44 kutoka hapo, kwa hiyo kosa dogo la kidole linatosha kuutoa mpira nje. Mipira minne ya namna hiyo ambayo kaka yako hakujaribu kuipiga ndiyo inayompa besi. Kwa maoni yangu, simamisha mshale kabla kidogo ya sehemu nyekundu, na uiache nyekundu kwa wakati ambapo mpigaji ana straiki mbili (makosa ya mpigaji, na la tatu humtoa), kwa sababu hapo hulazimika kuufuata hata mpira uliotoka kidogo nje.

Mrushaji aliyechoka hulenga kwa shida hata ukibonyeza vizuri, kwa hiyo mbadilishe mapema, ukijua kwamba akitoka harudi tena katika mechi hiyo, kama ilivyo katika ligi kuu ya Marekani.

Kagua pia televisheni yenu. Nyingi huchelewesha picha kidogo, na ucheleweshaji huo huharibu mbonyezo wa tatu kuliko kitu kingine chochote. Tafuta katika mipangilio yake hali ya michezo, uiwashe. Ikiwa mstari wa njano bado unakusumbua, jaribu njia nyingine ya kurusha katika mchezo huo, iitwayo Pulse, ambayo huonyesha duara linalopanuka na kusinyaa mahali unapolenga, nawe hubonyeza linapokuwa dogo kabisa.