Kabla hujamtafutia stelingi wa kike jina lenye maana nzito

Mkuu mleta uzi, umesema muswada wako umekwama kwa sababu binti shujaa hana jina. Unauliza umwite Tumaini au Ushindi, au wachangiaji wakutafutie jina lenye maana nzito zaidi. Nimeandika filamu fupi kadhaa na njia hiyo nimeipita, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu.

Shujaa wangu wa kwanza nilimwita Subira. Alikuwa binti anayemngoja mama yake aliyeondoka bila kuaga. Jina nililipenda mno. Siku tuliyokaa na waigizaji kuusoma muswada kwa sauti, hatujafika hata ukurasa wa tano, mmoja akasema, "Huyu atangoja, na mama atarudi." Na kweli ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Ukimtajia Mswahili Subira, sikio lake linamalizia lenyewe: huvuta heri. Kilichoniuma zaidi nilikigundua niliporudi nyumbani na kuusoma upya. Nilikuwa nimemwandika binti afanane na jina lake. Hakasiriki, hachoki, hakosei. Jina lilikuwa limemmeza mtu.

Tangu hapo nikawa nazitazama filamu kwa swali moja: jina hili nani analitamka, na lini?

Ninayoirudia kuliko zote ni Spirited Away, katuni ya mwongozaji wa Kijapani Miyazaki, ya mwaka 2001. Binti aliyepotelea ulimwengu wa mizimu anaitwa Chihiro, jina ambalo kwa herufi zake ni kina cha pima elfu. Anapoomba kazi kwa mchawi Yubaba anasaini mkataba, kisha mchawi anazinyanyua herufi za jina lake kutoka kwenye karatasi na kumwachia moja tu, ile ya elfu, ambayo ikisimama peke yake inasomwa Sen. Kina kimechukuliwa, imebaki namba. Mjapani anayejua herufi anaiona hasara hiyo papo hapo. Lakini hata usipojua neno moja la Kijapani unaelewa kilichotokea, kwa sababu baadaye Haku, kijana anayemsaidia huko, anamrudishia nguo zake, ndani yake mna kadi ya kuagwa na rafiki zake, naye analisoma jina lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Alikuwa amekaribia kulisahau. Haku anamwonya kwamba akilisahau hatapata njia ya kurudi kwao, na anajua anachosema, maana yeye lake amelisahau. Mwishowe ni Chihiro anayemkumbusha.

Kuna mchangiaji hapo juu amesema Nala wa The Lion King ni Kiswahili, eti maana yake zawadi. Ndugu yangu, zawadi ni zawadi. Simba na Rafiki ni maneno yetu kweli, na Sarabi, mama yake Simba, ni sarabi kwa maana ya mazigazi. Ila nala kwa sarufi yetu ni "ninakula". Orodha za maana za majina zinanakiliana kosa lilelile miaka nenda rudi, usizijengee shujaa wako. Na uangalie: Nala anapendwa tangu 1994 bila maana hiyo kumsaidia chochote.

Uhura, afisa wa kike wa chombo cha anga katika tamthilia ya Star Trek, anatuhusu zaidi. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba alifika kwenye usaili akiwa na kitabu kinachoitwa Uhuru, mtunzi Gene Roddenberry akalipenda neno, kisha herufi ya mwisho ikabadilishwa ili lilainike. Uhura si neno la Kiswahili, lakini sisi tunaisikia mizizi yake hata ikiwa imeguswa. Halafu tazama filamu ya 2009. Kijana Kirk anamuuliza Uhura jina lake la kwanza, hamwambii. Kirk anabaki hivyo muda mrefu, mpaka anamsikia Spock, mpenzi wa Uhura, akimwita Nyota. Kwetu sisi Nyota ni jina jepesi, la wazi. Pale limekuwa zito kwa kuwa mwenyewe amechagua nani alijue.

Simaanishi kwamba maana haina kazi kabisa. Moana, jina la binti shujaa wa katuni ya Disney, katika lugha nyingi za Polinesia ni bahari, na linafaa kwa sababu bahari yenyewe ndiyo inayomchagua binti na kumsumbua. Maana imepewa la kufanya ndani ya hadithi. Na jina linaweza kufanya kazi kwa kutokuwepo: katika Rebecca ya Hitchcock, ya 1940, jina la filamu ni la mke aliyekufa, na mke mpya aliye hai, aliyechezwa na Joan Fontaine, hatajwi jina mwanzo hadi mwisho. Kila mtu kwenye nyumba ile anamtaja marehemu. Hofu ya yule binti inaanzia hapo.

Subira sikumtupa. Kwenye muswada wa pili nilibadilisha kinywa tu. Mama peke yake ndiye aliyewahi kumwita hivyo. Tangu aondoke, binti anajitambulisha kwa watu wote kama Zena, na mtazamaji hajui kama lipo jina lingine. Mama anaporudi anasimama mlangoni na kuita, "Subira." Binti anaendelea kukunja nguo. Mama anaita tena. Mikono inasimama, lakini hageuki. Nilikuwa nimeandika maneno ya kumjibu mama, tukayafuta yote siku ya kurekodi kwa sababu mwigizaji hakuyahitaji.

Kwa hiyo, mkuu, Tumaini na Ushindi viweke pembeni kidogo utujibu hili: kwenye filamu yako, nani wa kwanza kumwita huyo binti kwa jina, na siku hiyo wanaelewana au wamegombana?