DVD ya Harusi Inakataliwa na Deki

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenakili video ya harusi ya binti yangu kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye DVD. Kompyuta inaifungua vizuri, lakini deki ya sebuleni inaikataa. Nifanyeje? – Msomaji, Soweto, Moshi.

JIBU: Shikamoo mama, na hongera kwa harusi. Inaelekea ulinakili faili kama data tu, ilhali deki nyingi, hasa za zamani, husoma diski iliyopangwa kama DVD ya video, yaani yenye picha za MPEG-2 (aina ya kubana video inayotumika kwenye DVD) ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS. Tumia programu ya kutengeneza DVD, kwa mfano DVDStyler, ambayo ni ya bure. Chagua mfumo wa picha za televisheni uitwao PAL, wenye picha 25 kwa sekunde, kisha uiache ibadilishe faili kabla ya kuchoma (yaani kuiandika kwenye diski), kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa kwenye kompyuta ya zamani. Diski ya kawaida ya GB 4.7 hubeba takribani saa mbili kwa ubora mzuri. Ukiilazimisha ibebe saa nne, nyuso za wageni zitavunjika vipandevipande kila wanapocheza, jambo ambalo kwa harusi ni hasara kubwa. Ningekushauri utenge diski ya kanisani na ya ukumbini. Choma kwa kasi ndogo, na tafadhali usifute faili la awali.