Tuungane na vikundi vingine ama tungoje mfadhili?

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama hapa Malindi. Mto Sabaki ulipofurika mwisho wa 2023 sisi ndio tuliofika kwanza, tukapika uji, tukaandika kila familia kwenye daftari mpaka wino ukalowa, halafu likaja shirika kubwa likapiga picha orodha yetu, likagawa unga wake, na sisi hata pesa ya tuktuk hatukurudishiwa. Sasa vijana wa Maweni na kamati ya msikiti wanataka tushirikiane nao. Naogopa tutagombania pesa.

JIBU: Waaleikum salaam mama, na pole sana. Hilo daftari ndio kazi yenyewe, manake nyumba gani ina mjamzito na wapi kuna mzee asiyeweza kutembea, mtu aliyekaa Geneva hawezi kujua, hata wa Nairobi hajui. Na hao wakubwa wanalielewa hilo. Mei 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliafikiana, mkataba unaitwa Grand Bargain, kwamba ikifika 2020 angalau asilimia 25 ya pesa za dharura zifikie mashirika na vikundi vya wenyeji wanaotoa misaada, moja kwa moja kadiri inavyowezekana. 2020 ikaja ikapita na hawakufika. Sababu moja ni kwamba mfadhili hataki kusimamia mikataba midogo mia na kila mmoja na ukaguzi wake, anaona bora ampe mkubwa mmoja naye awagawie wadogo, na kila mkono unaoipitisha hiyo pesa unakata chake. Na kungoja tu ni hatari, si mliona Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, miradi mingi ilisimama ghafla.

Kwa hivyo unganeni, lakini kila kikundi kibaki na jina lake. Andikeni nani anapika, nani anabeba, nani anaandikisha. Akaunti ya pamoja iwe na saini za vikundi vyote vitatu, na risiti zitunzwe hata za kuni, hapo ndipo ugomvi huanzia wallahi. Shirika likija tena, mdai nauli na muda wa maongezi ndani ya bajeti kabla hamjanyanyua sufuria, na orodha msiitoe bila makubaliano ya maandishi, majina ya watu yanalindwa na sheria ya data ya 2019.

Kaeni kikao cha kwanza kabla masika hayajaanza, na wewe uje na lile daftari.