Muulize Ami: Shimo la barabara nalo ni la kupelekwa bungeni?

SWALI: Asalaam aleikum Ami. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, niko Kaskazini Pemba, shamba kabisa, huku ambako ukiona gari ya abiria imefika basi ujue mvua haijanyesha. Juzi kijana wangu kanionesha klipu kwenye simu, mzee wa kizungu kavaa kofia yumo ndani ya bunge la Ireland anapiga kelele kuhusu barabara za vijijini kwao mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mimi sikufahamu hata neno, kijana ndo akawa ananitafsiria. Basi barazani tukabishana wee mpaka magharibi, wapo waliosema huyu ndo mwakilishi hasa, wengine wakasema bunge la taifa si pahala pa kuzungumza mashimo, hiyo kazi ya diwani. Sisi barabara yetu hii masika iliopita mjamzito tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka kwenye lami, alhamdulillah kajifungua salama, lakini mtu tuliemchagua hatujamsikia kuitaja hata siku moja. Nani yuko sawa Ami? Na sisi tufanye nini?

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Mumshukuru Mungu kwa huyo mzazi na mwanawe, mana nimesoma barua yako mara mbili na hapo kwenye kitanda cha kamba ndo nilipokwama mara zote mbili.

Kwa hayo maelezo ya kofia na barabara, mzee wenu ni mmoja katika ndugu wawili, Danny au Michael Healy-Rae, wa kaunti ya Kerry, kusini magharibi ya Ireland, kwao ni kijiji kinaitwa Kilgarvan. Kofia wameirithi kwa baba yao, marehemu Jackie, ambae chama chake kilimnyima nafasi ya kugombea mwaka 1997 akasimama peke yake akashinda, akakaa bungeni mpaka 2011. Na bahati ilikuwa upande wake, serikali ya wakati ule ilikuwa haina wabunge wa kutosha, ikawa inahitaji kura yake, na yeye kura aliitoa lakini kwa masharti kwamba miradi ya Kerry isonge, barabara zikiwemo. Michael akaingia 2011, Danny 2016, na wote wawili wakarudi tena kwenye uchaguzi wa Novemba 2024. Januari 2025 Michael akapewa uwaziri mdogo kwenye wizara ya kilimo.

Sasa kwenye ubishi wenu. Waliosema mashimo ni ya diwani wana nusu ya haki. Kule Ireland barabara za vijijini ziko chini ya halmashauri, na sheria yao tangu 2004 hairuhusu mtu mmoja awe mbunge na diwani kwa pamoja (kwa akina Healy-Rae watoto wao ndo madiwani). Lakini jiulize pesa inatoka wapi. Sehemu kubwa ya pesa ya kutengeneza barabara zile inatoka kwa waziri Dublin, kwahiyo diwani anaweza kulia mpaka asubuhi kama fungu halijatoka juu hana cha kumwaga kwenye shimo. Ndo pale mbunge anaposimama. Shimo liko kijijini lakini fungu liko bungeni, na sisi hapa ni hivohivo, fungu la barabara linapitishwa Chukwani, kwenye Baraza la Wawakilishi, wakati wa bajeti, sasa asietaja barabara yenu wakati bajeti inapita ataitaja lini?

Kuna jambo moja la hawa watu nataka mulichukue barazani, mimi lilinigusa sana. Kerry na kaunti jirani ya Cork kulikuwa na wazee wengi wana mtoto wa jicho, wako kwenye foleni ya hospitali za serikali miaka na miaka, mtu anapofuka taratibu huku jina lake liko kwenye karatasi. Danny na mwenzake wa Cork, Michael Collins (si yule mpigania uhuru wa Ireland wa zamani, huyu ni mbunge wa sasa), wakaligundua kupitia watu waliokuwa wakiwafata na shida zao. Wakalisema bungeni. Wakalisema tena. Mwishowe Disemba 2017 wakaanza kukodi mabasi, wazee wanapandishwa kusini kabisa wanapelekwa mpaka Belfast, ambayo iko Ireland ya Kaskazini chini ya Uingereza, safari ya kukata kisiwa kizima, wanafanyiwa upasuaji wanarudi wanaona. Ulikuwepo utaratibu wa Ulaya kwamba ukitibiwa nchi nyengine serikali yako inakurejeshea pesa, ila kwanza ulipe wewe, na wengine walikopa kwenye vyama vya akiba na mikopo ndo wakapata nauli ya macho yao. Na kule bungeni hayo mabasi yakawa ndo ushahidi, kila waziri akisema mambo yanaendelea vizuri anaulizwa, kama vizuri mbona basi limejaa? Sisi wa Pemba hili hatuhitaji kuhadithiwa, nani kati yetu hana mzee aliempakia boti kumvusha Unguja au Dar kwa matibabu na mkoba wa nguo mkononi na bahasha ya vipimo kwapani. Tofauti ni kwamba sisi tunaona ni mtihani wa familia, tunachangishana, yakaisha. Wale walihesabu ni wangapi kisha wakaenda kuisema hesabu mbele ya waziri.

Lakini musimchukue mzima mzima. Mwaka 2016 Danny alisimama bungeni akasema hali ya hewa iko mikononi mwa Mungu na binaadamu hana la kufanya. Sisi ni watu wa imani na hatuna shaka nani mwenye amri, ila mimi nimesimama kwenye mabonde ya mpunga Pemba ambayo maji ya bahari yameingia, mchanga wa chumvi mweupe juu, mpunga umeungua, na mwenye shamba anakwambia babu yake alivuna hapahapa. Mwakilishi akiniambia hilo halina la kufanya nitamwambia hapana mheshimiwa, kuna kuta za kuzuia maji, kuna mikoko ya kupanda, na kuna fungu la kuuliza. Na mwaka 2013 alipokuwa bado diwani alipeleka hoja kwamba wazee wanaoishi mbali peke yao wapewe kibali cha kunywa glasi mbili tatu na kuendesha gari, halmashauri ikaipitisha, sheria haikuwa. Kilichokuwa chini ya hoja ile ni kweli, mzee hana usafiri na upweke unamla, ila dawa yake ni basi la kijiji, si kumuachia mlevi usukani.

Sasa nyinyi. Hapa kwetu jimbo moja lina watu wawili, mwakilishi anaekaa Chukwani na mbunge anaekwenda Dodoma, na watu wengi wanamkamata yoyote waliemuona harusini wanamwaga yote. Barabara, maji, kituo cha afya, skuli ya msingi, hayo si ya Muungano, ni ya mwakilishi. Simu haishiki kijijini, mambo ya polisi, pasipoti, hayo ni ya Muungano, mkamateni mbunge. Ukimpa mbunge barabara atakujibu vizuri tu na atakuwa hakudanganya akisema si yake, na wewe umeshapoteza mwaka.

Na musende kwa mdomo. Muandike. Kaeni na sheha na diwani, andikeni barabara inaanzia wapi inaishia wapi, kilomita ngapi, nyumba ngapi, watoto wangapi wanapita kwenda skuli, magunia mangapi ya karafuu yanatoka msimu ukiwa mzuri, na siku ile ya kitanda cha kamba itieni na tarehe yake. Mumuombe aifanye swali la msingi kwa waziri, sio mchango wa kuzungumza juujuu, kwasababu swali linajibiwa na jibu linaingia kwenye kumbukumbu rasmi za Baraza, na waziri akijibu "mwaka ujao wa fedha" basi mwaka ukifika munalo la kushika mkononi. Kisha swali la nyongeza. Hao wa Ireland ukiona klipu moja ya kelele ujue nyuma yake kuna rundo la maswali ya maandishi ambayo hayana klipu, na kazi kubwa iko huko.

SWALI: Ami mimi niko Jang'ombe, nimesikia hao ndugu wote wawili wa jimbo moja. Inawezekana vipi?

JIBU: Majimbo yao hayako kama yetu, moja linatoa wabunge watatu, wanne au watano, na Kerry inatoa watano. Mpigakura hatii tiki moja, anapanga 1, 2, 3 kwa anavowapenda, na kura inayozidi au ya alieshindwa inahamia kwa anaefuata kwenye karatasi. Mwaka 2016 Michael alipata kura za kwanza zaidi ya 20,000, nyingi kuliko alizohitaji, zile za ziada zikahamia kwa wengine, ndugu yake akiwemo. Ndo mana hata wa chama kimoja wanagombania mtaa mmoja, na mwenye shida ya barabara Kerry akikataliwa na mmoja anao wanne wengine wa kuwapigia simu. Wa Kaskazini Pemba anae mwakilishi mmoja tu, kwahiyo ile barua mwanangu iwe na nakala, moja mukae nayo nyinyi, moja kwa sheha, na moja nitumieni mimi hapa.