Ukitoka Kisumu na baiskeli peke yako, usiulize ni kilomita ngapi

Safari ambayo watu huniuliza sana ni ile ya Kisumu hadi Fort Ternan kule juu Kericho, unapita Mamboleo, Miwani, Chemelil, Muhoroni, Koru, halafu unaanza kupanda. Ni zaidi ya kilomita 70. Siku moja inatosha, hata kwa dada anayeenda peke yake kama mimi, lakini ujipange, na mimi kujipanga nilifunzwa na hiyo njia yenyewe.

Toka mapema. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mimi nataka niwe nimeshapita Mamboleo, na si kwa sababu ya jua peke yake. Mchana upepo unatoka ziwani unaingia nchi kavu, unagonga milima ya Nandi na Kericho unapanda juu, na hapo ndipo mvua ya alasiri inatoka, kwa hivyo saa nane saa tisa unakuta mbingu imeshakuwa nyeusi. Huo upepo ukiwa unaelekea Muhoroni unakusukuma mgongoni na ni mtamu sana, lakini ukiusikia tu ujue mvua nayo iko njiani.

Kuna siku mwezi wa nne nilichelewa, nikatoka saa tatu, tena karibu na Miwani nikaona wacha nikate kona nipitie njia ya ndani katikati ya miwa ndio nifidie muda. Mvua ikanipata huko. Wenye wanajua Kano, lile bonde tambarare la miwa, wanajua ule udongo mweusi, ukikauka unapasuka nyufa na ukilowa unanata kama ugali mbichi, ulijaa kwenye breki na madigadi mpaka magurudumu yote mawili yakakataa kuzunguka, na baiskeli ikiwa na mzigo haibebeki hivi hivi. Niliivuta kama nusu saa, nikapumzika, nikavuta tena. Simu ilikuwa imezima. Mama mmoja mzee akaniona toka mlangoni akaniita, "Nyara (ndio binti yangu kwa Kijaluo), ingia, hiyo baiskeli haitaibiwa na mvua," akanipa chai, na mjukuu wake akachukua kijiti akaanza kukwangua matope bila hata kuambiwa. Nilikaa pale mpaka jioni, tukaongea habari za mafuriko na za binti yake aliyeolewa Awasi, na nikalala hapo hapo kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Tangu hiyo siku mvua ikiwa karibu sitoki kwenye lami, hata kama njia ya mkato ingenipunguzia saa nzima, na madigadi nilitoa kabisa.

Sasa hapa kwa kuuliza njia ndio watu wengi wanakosea. Ukiuliza "ni mbali?" utaambiwa "hapo tu mbele", na mtu hakudanganyi, yeye amezoea kutembea huko tangu utotoni. Hata ukiuliza kama kuna mlima, mtu wa Koru atakuambia hakuna, kwa sababu mlima kwake ni ule wa Nandi. Mimi huuliza mtu wa boda: "Ukinipeleka mpaka Fort Ternan ni ngapi?" Bei yake ina kila kitu ndani, umbali, mlima, matope na mashimo, na akiongeza bei ghafla kuliko ile uliambiwa kijiji kilichopita basi mbele kuna shida, muulize ni nini. Mvua nayo usiulize mtu, tazama akina mama wenye wameanika mahindi kando ya barabara. Wakianza kukunja turubai na wewe tafuta baraza.

Na salimia. Aki salimia kila mtu. Asubuhi huku Kano ni "oyawore" ya Kijaluo, ukishapita Koru unaanza kusikia "chamgei" ya Kikalenjin, unajibu "chamgei mising", na uso wa mtu unafunguka. Nikipita kijiji kimya naonekana mgeni, nikisalimia naonekana mtoto wa mtu, na ikitokea pancha mbele huko tayari kuna watu ishirini wanajua nimepita na nilikuwa naelekea wapi. Dada yangu naye namtumia meseji kila mji, Chemelil, Muhoroni, Koru, neno moja tu "nimefika".

Trekta za miwa usibishane nazo. Trela inakuja imejaa miwa inaning'inia pande zote mbili na dereva hawezi kukuona kwa nyuma, kwa hivyo mimi nikisikia mngurumo nashuka kabisa kando, nangoja ipite, ndio narudi. Miwa iliyoanguka barabarani nayo ikiwa imelowa inateleza.

Kula kabla njaa haijakushika. Chapo mbili na chai Miwani (hapo ndipo kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza, 1922), mayai ya kuchemsha na ndizi Muhoroni. Maji matupu hayatoshi kwa joto la Kano, mimi natia kwa lita moja vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, ile ile tunapea watoto wakiharisha, na tangu nianze sijawahi kushikwa na misuli tena. Vitu vya pancha beba mwenyewe, tyubu moja mpya, solusheni, viraka, pampu. Mafundi wako kila senta chini ya mti lakini pancha haingoji ufike senta.

Toka Koru kwenda Fort Ternan weka gia ndogo na usiangalie juu. Reli ya zamani, ile ilifika Kisumu 1901, ilipitia huku huku, na ukiona inavyozunguka zunguka kutafuta mteremko mpole unaelewa kwa nini na wewe usilazimishe. Huko Fort Ternan ndiko Louis Leakey, yule mtafiti wa mabaki ya kale, alipata mabaki ya Kenyapithecus, nyani wa kale wa miaka kama milioni 14 iliyopita, na mimi kila nikifika nasimama kidogo naangalia lile bonde nyuma yangu mpaka Kano kule chini.

Ukifika tafuta pa kulala kwanza, kuoga baadaye. Halafu kabla hujalala panguza cheni na kitambaa kikavu uitie oili, hata kama macho yanafunga, kwa sababu asubuhi baridi ya huko juu haitakupa hamu ya kuishika na kutoka hapo kwenda Kipkelion bado ni kupanda.