Mashine yangu nyeupe ya kahawa imekuwa njano, nifanyeje?

SWALI: Habari zenu. Nina mashine ya kahawa, ile ya kuchuja yenye jagi la kioo, nyeupe yote. Niliinunua kwa sababu ya huo weupe maana jiko langu nimelipanga jeupe. Sasa pembeni ya kikapu cha kuwekea kahawa kuna madoa ya kahawia, mgongoni imegeuka njano, alafu siku hizi inachukua mda mrefu mno kutoa kahawa, inakoroma kweli kweli na kahawa yenyewe chungu. Kila jioni naifuta na kitambaa cha maji ya sabuni lakini wapi. Jirani kaniambia nitie ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ati itarudi kama mpya. Nitie?

JIBU: Usitie ndugu yangu, hiyo dawa ntaieleza mbele kidogo. Umeeleza vizuri sana na kwenye maelezo yako naona uchafu wa aina 3: chokaa ya maji, mafuta ya kahawa, na plastiki yenyewe iliyobadilika rangi. Kila kimoja kina dawa yake, ndo maana sabuni peke yake imekushinda.

Tuanze na huko kukoroma maana hapo ndipo mashine nyingi zinafia. Ndani, chini ya lile bamba la moto linalokaliwa na jagi, kuna kibomba chembamba, mara nyingi cha aluminiamu. Maji yanashuka toka kwenye tangi, yanapita kwenye kivalvu kinachoyaruhusu kwenda upande mmoja tu, yanachemka humo alafu mapovu ya mvuke yanayasukuma juu mpaka kwenye kikapu, hamna pampu wala nini. Sasa maji yakiwa ya chumvichumvi, yani yana kalsiamu na magnesiamu nyingi, kila yakichemka yanaacha chokaa kwenye kuta za kibomba, njia inazidi kubana, mvuke unakuwa mwingi maji kidogo, na hiyo ndo kelele unayoisikia. Maji yanakaa mda mrefu juu ya kahawa na yanavuta uchungu wote.

Dawa ya chokaa ni asidi. Kwanza soma kitabu kilichokuja na mashine, maana watengenezaji wengine hawataki siki kwa ajili ya zile mpira za ndani. Kama hawajakataza, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, jaza tangi, usiweke kahawa, washa. Ikifika katikati zima uiache nusu saa mpaka saa nzima, hapo siki ya moto inaendelea kula chokaa taratibu, ukiwahi kuimalizia umefanya kazi nusu. Alafu washa imalizie, mwaga, pitisha maji safi matupu mara 2 au 3 na kila mara uipe mda wa kupoa. Ukiona vipande vyeupe kwenye jagi usishtuke, ni chokaa inatoka, ujue tu kwamba inabidi urudie. Mimi binafsi napenda zaidi asidi ya sitriki, ule unga mweupe wenye ukali wa ndimu, vijiko 2 vya chakula kwa lita 1 ya maji, hauachi harufu kabisa.

Mafuta sasa. Kahawa ina mafuta yake, yanaganda kwenye kikapu, chini ya kifuniko na kwenye vile vitobo vinavyonyunyiza maji, yakikaa yanachacha na uchungu wake unaingia kwenye kila kikombe. Siki hapa haikusaidii, mafuta yanataka sabuni ya vyombo na maji ya moto. Toa kikapu na jagi, loweka dakika 20 na kijiko cha bekingi soda, sugua kona na mswaki wa zamani. Vile vitobo vya juu chomoa mashine kwenye umeme kwanza, subiri ipoe, alafu vifute na mswaki ulioloa kidogo tu. Mwili wa mashine usiuzamishe kwenye maji hata siku moja. Na naomba sana, msimwage siki juu ya bekingi soda mkidhani mnaongeza nguvu, lile povu ni hewa ya kaboni dioksaidi tu, asidi na soda zimeshauana hapo na mmebaki na maji yasiyo na kazi. Leo siki, kesho soda.

Tukija kwenye weupe, fanya hivi: chukua pamba yenye bekingi soda na maji kidogo, sugua sehemu ndogo mgongoni. Pamba ikitoka na kahawia, hilo ni doa la kahawa, endelea na huo ujiuji taratibu, acha dakika 10, futa, litatoka. Pamba ikitoka safi na plastiki bado njano, basi rangi imebadilika ndani ya plastiki yenyewe kwa joto na mwanga wa jua, na hakuna kusugua kutakakoirudisha. Kuna wanaopaka haidrojeni peroksaidi, dawa ya kung'arishia rangi, na kuanika juani, inang'aa kweli, lakini njano huwa inarudi na ile kali inaunguza ngozi, kwa chombo cha kunywea mimi siwezi kukushauri. Bora uihamishe kutoka dirishani na mbali na jiko la moto ili isizidi. Sitilwulu na unga wa kusugulia sufuria usiviguse, vinachanachana plastiki na kila mchano unakuwa nyumba ya doa jipya.

Hiyo dawa ya nguo: nyingi zina klorini, na klorini ikikutana na siki au asidi yoyote inatoa gesi ya sumu inayobana kifua. Kama ulishaimwaga ndani ya mashine usifuatishe siki juu yake, fungua madirisha, pitisha maji safi mengi mengi, na kama kifua kinabana toka nje kabisa.

SWALI: Kahawa ilimwagika kwenye lile bamba la moto ikaungua, sasa kuna doa jeusi na linanuka kila nikiwasha. Nikwangue na kisu?

JIBU: Kisu hapana, bamba nyingi zina rangi maalum ya kuzuia kugandana, ukiikwangua kutu inaingia. Chomoa, acha ipoe kabisa, weka ujiuji mzito wa bekingi soda juu ya doa na kitambaa kibichi juu yake, nusu saa baadae sugua na sponji laini. Litatoka kwa awamu, usilazimishe. Na jagi likiwa la moto usilitie maji ya baridi, kioo kinapasuka.

SWALI: Nimesafiri wiki kadhaa, nimerudi nimekuta ukungu kwenye tangi. Mashine nitupe?

JIBU: Usitupe dada, ila usinywe chochote humo kwa sasa. Mwaga, sugua tangi na sabuni kila unapofikia, pitisha siki kama nilivyoeleza juu na uiache saa nzima, alafu maji safi mara 3 au zaidi mpaka harufu iishe. Filta iliyobaki ndani tupa, na kama kuna mpira wenye madoa meusi yasiyotoka ubadilishe. Ukungu unataka unyevu na giza, kwaiyo ukimaliza kahawa mwaga maji yaliyobaki, toa machicha, kifuniko kiache wazi pakauke.

SWALI: Mimi swali dogo tu, chokaa nitoe kila baada ya mda gani?

JIBU: Kama birika lako linaacha ukoko mweupe haraka, maji yako ni ya chumvichumvi, toa kila mwezi. Kama halina, kila miezi 3 inatosha kwa mtu anayekunywa kila siku. Mashine yenye kitaa cha kukumbusha ifuate kitaa chake, ila ukisikia inaanza kukoroma kabla kitaa hakijawaka toa siku hiyo hiyo.